Upatu

Kazi huanza saa tisa usiku, taa zimezimwa,
kwa kuwa Sarwidi hana kipimajoto. Ana giza.
Gizani shaba haiwezi kudanganya:
nyekundu ya pilipili iliyokauka, bado;
nyekundu ya kiini cha yai la bata, sasa;
ikishaanza kucheka njano, umechelewa.

Kumi za shaba, tatu za bati.
Hesabu hiyo haijaandikwa popote
katika kijiji hiki cha mashariki ya Surakarta.

Dalijo alitoka kwa mhunzi wa majembe.
Huko alijifunza kwamba feleji ikitoswa majini ingali moto
hutoka ngumu, kali, yenye kiburi.
Basi Jumatatu, mwalimu wake akiwa msibani,
aliionea huruma sahani ya shaba.
Akaifukia mchangani ipoe polepole, kama mgonjwa.
Asubuhi aliigonga mara moja tu,
ikawa vipande saba.

Hakuna aliyemgombeza. Hilo ndilo lililomuuma.

Kipande cha tano Wulansih alikitia mkobani,
akapanda basi hadi chuo cha ufundi,
akakisugua kwa msasa, kisha kwa kitambaa,
hadi akaliona jicho lake humo.
Tone la asidi. Hadubini.

Punje! Kila punje ni mtaa,
atomu zimepangwa kama machungwa ya muuzaji anayejiheshimu,
na mtaa wa pili umepangwa vilevile
ila umegeukia kwingine.
Na kati ya mitaa, samawati iliyopauka:
hapo shaba na bati walipewa muda mrefu mno wa kuzungumza,
wakaandikiana mkataba,
kila mmoja na kiti chake, marufuku kusogea.

Nyumbani alimweleza mama yake kwanza,
maana Tuginem ni mweka hazina
wa upatu wa wanawake kumi na wanane.
"Kila atomu ni mwanachama, mama.
Kila mmoja ametoa elektroni zake za nje kabisa,
akazitupa katikati."
"Na zamu ya nani kupokea?"
"Hakuna zamu. Mchango unazunguka, hauna jina la mtu.
Ndiyo maana umeme hupita bila hodi,
na mwiko wa shaba hukuunguza mkononi
wakati uji ndio ulio motoni.
Wanashikamana kwa kile kilicho katikati,
si kwa kupendana.
Ukiwagonga, wanasogea kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati,
mmoja, halafu mmoja,
nafasi inatembea hadi mwisho, benchi halivunjiki."
"Na bati?"
"Bati ni Mbok Sarinten, ameketi katikati."
Tuginem alicheka hadi akaweka kisu chini.
"Akiwa mmoja, benchi linatulia.
Wakiwa wengi, wakapata na muda wa kujipanga,
hakuna anayesogea tena. Ndipo linakatika."
"Upatu usio na zamu," mama akasema,
"mimi ningeukimbia."

Sarwidi alikuwa mlangoni, akichagua makaa.
"Maji huwakatiza," akasema,
"kabla mkataba haujatiwa sahihi.
Mimi nilikuwa naiambia tu:
ingia, kabla hujafikiri."

Usiku ule vipande sita vilirudi chunguni.
Wulansih alikishika cha saba,
ule wa tano, uliong'aa,
akakitazama kwa makaa, akakitupa nacho.

Koleo alipewa Dalijo.
Kiini cha yai. Sasa.
Birika lilipiga ukelele, mvuke ukamla uso,
na alipoinua nyundo mkono ulimtetemeka
kama wa mtu anayegonga mlango wa mkwewe.

Sahani iliinama. Iliinama kama ngozi mbichi,
ikapokea pigo, ikapokea la pili.

Wiki ya tatu waliitundika.
Dalijo alihesabu kimya, midomo ikicheza,
thelathini na nane, thelathini na tisa,
bado inavuma,
na kutoka jikoni Tuginem akauliza
nani amewaamsha kuku.